Haragwe la Nyuma ya Bega

Mimi ni mwanamke wa kelele, sikatai. Ninauza maharagwe katika soko la Isebania, na anayeuza maharagwe kwa sauti ya chini hurudi nayo nyumbani. Lakini Jumapili ile ya mwezi wa tano nilipiga ukelele ambao hata mimi mwenyewe ulinishtua. Wabadilisha pesa walioketi kando ya barabara walikumbatia mikoba yao wakidhani wezi wamefika. Hakukuwa na mwizi. Lilikuwa ni haragwe moja tu lililoruka kutoka kwenye bega la mume wangu.

Mume wangu ni Chrispine, baba wa mwanetu Terry, mpakiaji. Lori likija na mahindi kutoka Sirare, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, yeye na wenzake ndio wanaolishusha, gunia la kilo tisini mgongoni, siku nzima. Nyuma ya stoo yangu ya maharagwe alitengeneza jim kwa mikono yake: mikebe ya rangi aliyoijaza simiti na kuiunganisha kwa vyuma vya bomba. Wapakiaji kumi walikuwa wakifanya mazoezi pale kila jioni. Waliiita Jim ya Simiti, na Chrispine ndiye aliyekuwa mwalimu.

Desemba iliyotangulia alikwenda Homa Bay kwenye mashindano ya kutunisha misuli. Mimi ni Msabato, na mchungaji wangu akisoma haya naomba asome hadi mwisho kabla ya kuniita: nilikwenda naye, nikaketi mstari wa mbele, nikatazama wanaume waliopakwa mafuta. Mume wangu alipotunisha kifua, ukumbi ulipiga makofi. Alipotunisha mikono, akina mama walipiga vigelegele. Kisha waamuzi wakasema geukeni.

Alipogeuka, mshereheshaji, mmoja aitwaye Jacktone, mwenye suti inayong'aa na mdomo usio na breki, akakaribia na kipaza sauti chake. "Yawa! Huyu jamaa mabega ya nyuma iko wapi? Ameyaacha Isebania yakilinda mizigo?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilicheka hata mimi, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa kweli. Kutoka mbele mabega yake yalikuwa ya mviringo na yamejaa. Kutoka nyuma yalikuwa yamekatika ghafla, bapa kama kibao cha chapati.

Tangu siku hiyo Chrispine aliacha kuimba. Hamjui maana yake, ngoja niwaambie. Tangu tuoane alikuwa akiimba bafuni, nyimbo za kanisa lao Katoliki kwa Kijaluo, sauti nzito isiyofuata noti yoyote. Majirani walilalamika, mimi nililalamika. Sasa maji yalimwagika kimya, akatoka, akavaa, akaenda kazini. Nilimkosa mume wangu naye yumo ndani ya nyumba. Nilikuwa tayari kufanya lolote nimsikie tena akiharibu wimbo.

Naye aliapa mbele ya wenzake wote: "Narudi Homa Bay mara moja tu. Wakinicheka tena, hizi simiti zote navunja na nyundo. Jim imeisha, na mtu asiniulize."

Basi akaanza kuyatafuta mabega ya nyuma. Na aliyatafuta namna mpakiaji anavyotafuta kila kitu, kwa kuongeza mzigo. Kwao dawa ya jambo lolote ni uzito. Msuli haukui? Ongeza mkebe. Bado? Ongeza mwingine. Aliinama akavuta chuma cha kilo themanini hadi tumboni. Alisimama akainua mabega kuelekea masikioni, mishipa imemtoka. Miezi minne! Shingo ikanenepa hadi kola za mashati zikakataa kufunga. Mgongo ukapanuka. Nyuma ya bega, kibao cha chapati kilikuwa palepale.

Jumapili hiyo alitoka mazoezini akiwa amechukia dunia. Akaja stoo, akajitupa kifudifudi juu ya magunia yangu bila shati, kifua chini, mikono ikining'inia huku na huku. Gunia moja lilikuwa limepasuka, na maharagwe yakamganda mgongoni kwa lile jasho. Nilitaka kumgombeza kwa sababu maharagwe yenye jasho hakuna anayenunua. Kabla sijafungua mdomo, simu yake ikalia kwenye rundo la pembeni. Hakuinua kichwa. Alinyoosha tu mkono kwa upande, polepole, kama mtu mvivu, kuitafuta.

Na haragwe lililokuwa nyuma ya bega likaruka!

Moja tu. Lililokuwa karibu na shingo halikutikisika. La katikati ya mgongo halikutikisika. Hili la bega liliruka likaniangukia mguuni, nami nikapiga ule ukelele.

"Baba Terry! Usisonge!"

"Nini? Nyoka?"

"Nyoka gani! Shusha mkono. Sasa nyoosha tena vile umefanya. Kwa upande. Polepole!"

"Mama Terry, mimi nimechoka."

"Chrispine, nyoosha mkono!"

Nilipomwita jina lake alijua mambo ni mazito, akanyoosha. Nilikuwa nimeweka haragwe jingine palepale. Likaruka tena. Nikaweka kidole, nikausikia msuli, mdogo, umejikunja chini ya ngozi kama kitu kilichoamshwa usingizini. Nyasaye, Mungu wangu! Miezi minne mtu anavuta simiti hadi macho yanataka kutoka, kumbe msuli wenyewe ulikuwa ukingoja apokee simu.

Sikuuacha ugunduzi huo upoe. Nilichagua maharagwe matatu ya rangi tatu. Jekundu nikaliweka kando ya shingo, la manjano katikati ya mgongo, jeusi nyuma ya bega. Nikamwambia alale vilevile kifua juu ya magunia, na tujaribu zoezi moja baada ya jingine. Haragwe litakaloanguka kwanza ndilo litakalotuambia ni msuli gani unaofanya kazi.

Tulianza na chuma chake kizito. Alikivuta, na jekundu likaruka mara moja, la manjano likafuata. Jeusi lilibaki limelala.

"Umeona?" nikasema. "Shingo na mgongo ndio wanakula hii chakula yote!"

Tukajaribu kuvuta viwiko vikiwa vimebana mbavu. La manjano. Tukajaribu mikono imenyooka kwa upande na mkebe wa kilo kumi. Jekundu, tena kwa kasi. Kilo tano? Jekundu. Nilikuwa natokwa na jasho kuliko yeye. Kisha nikatazama mezani, nikaliona gorogoro langu, ule mkebe wa kilo mbili ninaopimia wateja maharagwe tangu niolewe. Nikajaza magorogoro mawili, hilo na jingine la akiba, nikafunga midomo yake kwa kitambaa, nikapitisha kamba ya kushikia. Nikamkabidhi.

Aliyatazama. "Hii?"

"Hiyo."

"Mama Terry, mtoto wa nursery anabeba hii."

"Basi mtoto wa nursery akuonyeshe. Inua!"

Akainua kwa upande, mikono imepinda kidogo tu kwenye viwiko, akayashikilia juu hadi hesabu ya tatu, akashusha bila kuangusha. Jeusi likaruka. Jekundu likabaki. La manjano likabaki. Nililiweka jeusi tena, likaruka tena. Nilicheza, jamani, nilicheza peke yangu katikati ya magunia! Nikamweleza nilivyoelewa, kwamba ule msuli ni mdogo, na mzigo ukiwa mkubwa majirani zake wakubwa wanakimbia kuubeba, wenyewe unakaa tu bila kazi. Mpe mzigo wa saizi yake na mfukuze jirani.

Tulipata na zoezi la pili. Mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki niliufunga kwenye nguzo ya stoo, usawa wa macho, akauvuta kuelekea uso wake huku viwiko vikiwa juu na vimetanuka. Hapo maharagwe hayakai, kwa hiyo nilitumia vidole, na msuli ulikuwa mgumu kama kokwa. Mazoezi mawili basi, kila moja mara ishirini, seti nne, Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Yale mengine yote nikayafuta.

Lakini Chrispine alinipa sharti. "Mlango ufungwe. Mtu asinione na gorogoro."

Mwanamume anayebeba kilo tisini mchana kutwa anaogopa kilo mbili! Nilitaka kucheka, lakini nilimwona usoni. Kwa wapakiaji, mtu ni gunia lake. Anayebeba nusu anaitwa mgonjwa, na jina halimtoki hadi kaburini. Nikafunga mlango.

Wiki ya tatu nilisahau komeo. Obare, mwenzake anayeshika naye gunia upande wa pili, alisukuma mlango akitafuta turubali, akamkuta Chrispine amelala juu ya magunia akiinua magorogoro, na mimi nimeinama nikimpangia maharagwe mabegani kama mganga. Obare alirudi nyuma taratibu, akafunga mlango, na tukasikia kicheko chake kikienda mpaka kituo cha mpakani.

Asubuhi yake wapakiaji wote walijipanga kando ya lori. Chrispine alipotokea wakaanza kupiga makofi kwa mwendo mmoja: "Go-ro-go-ro! Go-ro-go-ro!"

"Omera, ndugu yangu, leo utabeba gunia ama tukupimie nusu?" Obare akauliza.

Chrispine alibeba magunia yake yote. Jioni alikuja stoo, akafungua vitambaa vya magorogoro, akamwaga maharagwe kwenye gunia. Kisha akaenda kuchukua nyundo.

"Nimeamua," akasema. "Hata Homa Bay siendi. Sasa wananicheka huku na huku."

Nikamnyang'anya ile nyundo. Nilikuwa na hasira ya kuweza kubeba lori. "Mdharau mwiba mguu huota tende," nikamwambia. "Wewe ulidharau haka kamsuli, ukaaibika. Wao wanadharau gorogoro, kesho wataaibika. Simiti utavunja kesho jioni kama bado unataka."

Sikungoja jibu lake. Asubuhi nilibeba magorogoro yangu mawili, yamejaa, yamefungwa, nikaenda nayo mpaka kwenye lori. Nikapanga magunia matatu, moja juu ya jingine. Wapakiaji wakaanza tena makofi yao, nikawanyamazisha kwa sauti ile ninayouzia.

"Obare! Wewe ndiye fundi wa kucheka. Vua shati. Lala hapa, kifua chini."

"Shemeji, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Inua hizi mara ishirini tu. Haragwe hili jekundu nakuwekea kando ya shingo. Likianguka, umedanganya, umesaidiwa na shingo. Juu unangoja hesabu ya tatu. Ni gorogoro tu, baba. Ni za akina mama."

Walipiga kelele za furaha. Obare alilala akitabasamu. Moja hadi sita alikuwa akitania. Ya saba akanyamaza. Ya tisa mikono ilianza kutetemeka, na mimi nilihesabu polepole kwa makusudi, sitaficha. Ya kumi na moja alikunja uso, bega likapanda kuelekea sikio, na haragwe jekundu likaruka mbele ya watu wote.

"Limeanguka!" nikapasua sauti.

"Hapana! Ni upepo!"

"Upepo gani? Lala tena!"

Alijaribu tena, likaanguka kwenye ya nane. Akasimama akisugua nyuma ya bega kwa mshangao. "Yawa, huku nyuma kunawaka moto. Sijawahi kusikia kitu hapa tangu nizaliwe." Wa pili akalala, akashindwa. Wa tatu, jitu lenye shingo kama ya fahali, alishindwa kwenye ya tano. Dereva wa lori aliacha kupiga honi, akashuka kuja kujaribu.

Hapo nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, mikono kifuani. Nilimwomba kwa macho tu. Akavua shati taratibu, akalala juu ya magunia, mchana peupe, mbele ya soko zima, akashika magorogoro. Nikaweka haragwe jekundu. Safari hii wao ndio waliohesabu. Kumi. Kumi na tano. Kumi na nane, mikono inatetemeka, haragwe limetulia. Kumi na tisa. Ishirini!

Akaongeza mbili. Haragwe bado limelala pale.

Jioni ile hakuna aliyevunja simiti. Wapakiaji wote kumi walikuwa stoo kwangu wakigombania magorogoro, na mimi nikawa sina cha kupimia wateja.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa sita sikuona kitu, mwezi wa saba nikaanza kuona, na mwezi wa nane nilipokuwa nikimsugua mgongo kulikuwa na mviringo pale, mdogo, mgumu, ukitenganishwa na mkono kwa mfereji. Nilimwambia. Hakuamini, kwa sababu hakuna mtu anayeona nyuma yake mwenyewe. Na bafuni bado maji yalimwagika kimya.

Jumapili ya mashindano tulikwenda Homa Bay na lori zima la wapakiaji, Obare akiwa mbele na filimbi. Nyuma ya jukwaa nilimpaka Chrispine mafuta. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Niwekee," akasema.

"Nikuwekee nini?"

"Haragwe. Nijue kama imeamka."

Nilikuwa nalo mfukoni, mwuza maharagwe hakosi. Nikaweka jeusi nyuma ya bega, likanata kwenye mafuta. Kabla hajanyoosha mkono jina lake likaitwa, akaondoka mbio. Nami, kwa kiherehere cha kukimbilia kiti changu mstari wa mbele, nikalisahau kabisa.

Kifua, makofi. Mikono, vigelegele. Jacktone alikuwa palepale na suti yake ileile. Alimtambua, nikamwona akijilamba midomo. "Tunamjua huyu!" akasema. "Ni yule wa Isebania! Sasa ngoja tuone nyuma!"

Watu wakaanza kucheka kabla hajageuka. Niliushika mkono wa Obare nikauminya hadi akalia.

"Geukeni nyuma!"

Chrispine akageuka. Akatandaza mikono, viwiko juu na nje, kama anavyovuta ule mpira kwenye nguzo. Na nyuma ya mabega yake ikatoka ile misuli miwili, ya mviringo, mmoja kila upande, imechorwa na mwanga. Haragwe jeusi likaruka kutoka begani, likadunda jukwaani, likaviringika hadi kwenye kiatu cha Jacktone.

Kicheko kilikatika. Jacktone aliinama, akaliokota, akaliinua juu kwenye taa.

"Hii ni nini? Ndugu, umeangusha... haragwe?"

Nilijua anachokiogopa mume wangu kuliko kitu chochote duniani: kuchekwa. Angeweza kusema hajui, na mambo yangeishia hapo. Jacktone alimwekea kipaza sauti mdomoni.

Chrispine aligeuza kichwa tu, mabega bado ameyatunisha. "Ni ya bibi yangu," akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Mimi nainuanga gorogoro. Gorogoro ya maharagwe, ya Mama Terry. Kilo mbili."

Obare akapuliza filimbi, na wapakiaji kumi wakasimama kwa pamoja wakipiga makofi: "Go-ro-go-ro! Go-ro-go-ro!" Wimbo uleule waliomcheka nao! Ukumbi ukaudaka, akina mama wakapanda juu ya viti, hata mwamuzi mmoja nilimwona akigonga meza kwa kalamu. Mimi nililia, sikujificha. Nililia na kupiga kelele kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa kijana Tony wa kisiwani Takawiri, na ilikuwa haki yake, nyuma yule mtoto amekamilika. Chrispine alikuwa wa pili. Jacktone alitafuta maneno ya kumtania, akakosa, akamrudishia haragwe lake kwa mikono miwili.

Watu walipotoka nilizunguka nyuma ya ukumbi kumtafuta. Kulikuwa na bafu moja la mabati ambamo washindani walikuwa wakijitoa mafuta, na foleni ilikuwa ndefu. Walinung'unika kwamba aliyemo ndani amekawia, na tena anapiga kelele. Nikasogea karibu. Ulikuwa wimbo wa kanisa, kwa Kijaluo, sauti nzito, na hakuna hata noti moja iliyokuwa mahali pake.

"Mama, huyu ni mtu wako?" mmoja akaniuliza. "Mwambie aache kuimba atoke."

"Thubutu!" nikamwambia. Nikageuza ndoo, nikaiketia mbele ya mlango, na nikawazuia wote mpaka alipofika ubeti wa mwisho.